Tadea na Kanda ya Mahubiri ya Kwaresima

Hebu mwone anavyofika. Ni saa nne asubuhi pale Mbaha, mtumbwi wa mashine umezima injini, na mwanamke mmoja wa makamo anashuka, viatu mkononi, maji ya ziwa yakimfika magotini. Anatembea kwa tahadhari kama mtu aliyebeba mayai, kwa sababu mgongoni ana kitu kilichofungwa kwa kitenge. Amekifunga vizuri, kichwa kimefunikwa, na kila baada ya hatua mbili anapeleka mkono nyuma kukipapasa.

Pale ufukweni wanawake wanaanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu, juu ya chanja. Wanamtazama mgeni. Mmoja anamwonea huruma.

"Karibu, mama. Mfunue basi huyo mtoto, utamziba pumzi."

"Huyu hapumui, mama," anajibu mgeni.

Mikono yote inasimama juu ya chanja.

"Yesu wangu! Amekufa?"

"Hajafa. Hajawekewa betri."

Anafungua kitenge na redio kubwa ya kanda mbili inachungulia, nyeusi, mpini wake umefungwa utepe mwekundu. Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini mchangani. Na kabla mgeni hajavaa viatu, habari ilikuwa imekwisha kufika juu kijijini kwamba ameshuka Mmatengo wa milimani mwenye mtoto wa betri.

Jina lake Tadea Kapinga. Wakati huo, mwaka tisini na saba, alikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na stendi ya Mbinga. Alizaliwa Mpepai, kwa baba mwenye kahawa na redio moja. Anasema alijifunza muziki akimenya kahawa: baba yake aliitundika redio mtini, watoto wakazungusha mashine, na Tadea akawa anazungusha kwa kufuata ngoma iliyokuwa ikipigwa. Wimbo ukiwa wa polepole, kahawa inamenywa polepole, na yeye anapigwa kofi. Alimaliza darasa la saba, akaolewa, akaachika, akarudi nyumbani na watoto wawili. Biashara ilipofunguliwa na vitu vikaanza kuja kutoka kila upande, mitumba, baiskeli, redio, baba yake aliuza kahawa kwa mnunuzi binafsi kwa mara ya kwanza, akamwita Tadea na kumwambia, "Binti, wewe shamba hulipendi na shamba halikupendi. Kanunue hiyo mashine ya kanda."

Basi hivyo ndivyo Mbinga ilivyompata fundi wake. Ulikuwa unampelekea kanda tupu na orodha ya nyimbo, jioni unachukua. Lakini kanda tupu ilikuwa adimu, kwa hiyo watu wengi walileta kanda ya zamani, irekodiwe juu yake. Na hapa lazima nikueleze jambo moja la kazi ile, maana bila hilo hutaelewa kwa nini Tadea alipanda mtumbwi.

Kanda ina vijino viwili kwa nyuma. Ukivivunja, mashine inakataa kurekodi. Mtu anayevunja vijino hivyo anakuambia bila kukuona: hiki usikiguse. Lakini ukikunja kipande cha karatasi ukakichomeka pale, mashine inadanganyika, inakubali. Mafundi wote walifanya hivyo. Tadea naye alifanya, ila kwa sharti lake mwenyewe: kwanza anasikiliza, halafu anamuuliza mwenye kanda, "Hii tuifute kweli?" Kwa sharti hilo aliokoa sauti za marehemu wengi wa Mbinga.

Mara moja tu aliliruka.

Aliyeleta kanda ile ni Mwalimu Dorothy, mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, mwenyeji wa Mbaha aliyeolewa Mbinga. Wifi yake alikuwa anaolewa na zilitakiwa nyimbo za arusi. Kanda aliitoa kwenye kopo la biskuti alilopewa na mama yake alipokwenda likizo, limejaa vifungo na sindano. Juu yake kulikuwa na maandishi mazuri ya mkono: *Mahubiri ya Kwaresima*. Vijino vyote viwili vimevunjwa.

"Futa tu, dada Tadea," alisema Dorothy. "Baba ni mwalimu wa kwaya, mahubiri anayo kichwani."

Tadea ni Mkatoliki, na yale yalikuwa mahubiri ya Waanglikana. Baadaye aliniambia kwa aibu, huku anacheka, "Nilijisemea, haya Mungu hatakosa nakala yake." Akachomeka karatasi, akaweka nyimbo za arusi upande A, akaendelea kuhudumia wateja. Ulipoisha akaigeuza. Sasa, kurekodi ni kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kidole kimoja kikateleza. Kanda ikaanza kucheza badala ya kurekodi.

Haikutoka Kwaresima yoyote. Lilitoka besi.

Lilikuwa besi ambalo halikukimbia nyuma ya magitaa kama tulivyozoea. Lilikanyaga mara moja, zito, likanyamaza mpaka ukadhani limekufa, halafu likarudi mahali usipolitegemea. Tadea alilijua lile kanyago. Ni ngoma kubwa ya mganda, ule mchezo wa wanaume wa ziwani wanaopiga hatua kama askari. Lakini juu yake kulikuwa na gitaa linalokwaruza kwa mikato mifupi, na mwanamume anayeimba kwa kulia na kufoka, kama wale Wamarekani weusi wa soul ambao sahani zao za santuri zilipigwa zamani wakati wa suruali za bugaluu, wazee wakikasirika. Tadea aliniambia alisimama katikati ya kibanda, mteja anamwita, hasikii. Nyimbo nne. Mwishoni sauti ikasema, "Hao ni Mbasa Jazz wa Mbaha. Mwimbaji Placidi, kwenye besi Edmund Challe. Geuza upande wa kwanza, uanze tena."

Geuza upande wa kwanza! Akaugeuza. Arusi.

Alimwita Dorothy siku hiyohiyo. Dorothy alisikiliza, akafunika mdomo.

"Edmund Challe ni baba."

"Nimelitambua jina lenu. Nakala nyingine iko wapi?"

"Dada, mimi hata hii sikujua ipo. Baba hajacheza hata kwenye arusi yangu! Alikaa kwenye kiti kama anasubiri daktari."

Shule zilikuwa wazi, Dorothy hakuweza kusafiri. Alitaka kuandika barua. Tadea akakataa. "Kosa la mkono wangu halipelekwi na posta," alisema. Akafunga kibanda, akapanda lori hadi Mbamba Bay, akakuta meli ilikwishapita juzi yake, akaingia mtumbwini. Alikuwa anakwenda kumwambia mtu kwamba amefuta nusu ya bendi yake, na kwamba, kwa anavyojua yeye, nusu hiyo haipo tena popote duniani.

Mzee Challe alikuwa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi. Mtu mrefu, vidole virefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia una mtoto wa betri. Karibu, mkalishe kivulini."

Tadea hakukaa. Alisema yote kwa pumzi moja, tangu kopo la biskuti hadi kidole kilichoteleza. Mzee aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa tupu.

"Umefuta upande gani?"

"A, baba."

"Zote tano?"

"Upande mzima, baba."

"Ukaweka nini?"

"Nyimbo za arusi."

"Ni nzuri?"

"Si mbaya, baba."

Mzee akatikisa kichwa. "Ninyi Wamatengo bwana. Kila kitu lazima mfukie."

Alikuwa anamtania kwa kilimo chao cha ngoro, kile cha mashimo, ambacho majani hukatwa, yakalazwa, yakafukiwa kwa udongo mteremko mzima. Tadea alitaka kucheka akashindwa, machozi yakamtoka. Ndipo mzee alipomvutia kigoda.

"Kaa. Usilie kwa ajili yangu. Nilivunja vijino, nikaandika Kwaresima. Unajua kwa nini? Kwa sababu hakuna mtu duniani anayeazima mahubiri ya Kwaresima. Nilificha vizuri mno, ndiyo adhabu yangu."

Akamsimulia. Ujana wake aliutumia Kitwe, kwenye migodi ya shaba, na huko akapenda soul. Alirudi na sanduku la sahani na gitaa la besi, akakutana na Placidi, mvuvi mwenye sauti ya kuvunja glasi. Wakaanzisha bendi, wakaipa jina la samaki mbasa, kwa sababu mbasa hupanda mto wakati maji yanashuka. Walipiga dansi kuanzia Mbaha hadi Mbamba Bay, na msimu wa kahawa wakapanda Kingerikiti hadi Mbinga. Bendi kubwa za mijini zilikuwa redioni, wao hawakupata nafasi. Fundi mmoja mpita njia aliwarekodi darasani siku moja, mwaka sabini na sita, akawaachia ile kanda. Kisha Placidi akafariki, magitaa yakauzwa, na kanisa likahitaji mwalimu wa kwaya asiye na mambo ya dansi.

"Basi tuzirekodi upya, baba," Tadea akasema. "Mashine hii hapa. Wewe upo."

Mzee alitoa besi la kwaya, lile la kujitengenezea, ubao mrefu, debe na waya. Akapiga wimbo wa kwanza wa upande A. Vidole havikuwa vimesahau chochote. Tadea akamwomba aimbe. Mzee akafungua mdomo, akaufunga.

"Maneno yalikuwa ya Placidi," alisema. "Mimi macho yangu yalikuwa kwenye miguu ya wachezaji, mkono kwenye waya. Maneno niliyasikia kila wiki kwa miaka sita, na sikuwahi kuyasikiliza."

Alijaribu wimbo wa pili, wa tatu. Besi tupu, kama nyumba isiyo na watu. Jioni mke wake akawaandalia ugali na magege, samaki wa ziwani, na Tadea akalazwa chumba cha wageni akijua ameharibu.

Asubuhi alishuka ufukweni kutafuta mtumbwi wa kurudi. Hapakuwa na mtumbwi. Wale wanawake wa jana wakamwita.

"Mama Betri! Mtoto ameamka? Hebu aimbe tuanike."

Kikundi kile hakikuwa cha Mbaha hasa. Walikuwa wanawake kutoka vijiji vya jirani waliokuja msimu wa usipa, na wakubwa wao walikuwa wachezaji wa kioda, ngoma ya akina mama wa ziwani. Aliyewaongoza aliitwa Mama Restituta, mnene, sauti ya filimbi, na kwenye kioda cheo chake kilikuwa Kwini, malkia wa ngoma. Tadea hakuwa na moyo wa nyimbo za arusi. Akaweka upande B, zile nyimbo nne zilizobaki.

Besi lilipoanza, wanawake wakatazamana. Wakaanza kuanika kwa hatua, mguu kwa mguu, wakipanga usipa kwa kufuata lile kanyago. Wimbo wa nne ukaisha, sauti ikasema geuza upande wa kwanza, kanda ikakatika tak.

Na wanawake hawakusimama. Mama Restituta akavuta pumzi, akaanzisha wimbo mwingine, wenzake wakaupokea kwa maneno yake yote, beti kwa beti. Tadea alikuwa ameusikia wimbo ule jana, bila maneno, kwenye debe la mzee.

"Mama!" alipiga kelele. "Huo mmeutoa wapi?"

"Ndio unaofuata," akasema Mama Restituta, akimshangaa. "Kioda hairuki wimbo. Ukiisha ule, unakuja huu."

"Lakini mliujuaje?"

Wakacheka, hasa wale wakubwa. "Tulikuwa wasichana, mwenzangu. Ndani ya dansi hatukuruhusiwa. Tulisimama nje ya uzio wa matete, tunachungulia. Wa ndani walikuwa na kazi ya kucheza na kulewa. Sisi wa nje kazi yetu ilikuwa kusikiliza. Nyimbo za Placidi tulizibeba zote tukazitia kwenye kioda."

"Na Mwalimu Challe hajui? Miaka yote hii?"

"Mwalimu wa kwaya? Tuna wazimu? Akipita tunanyamaza, asije akasema tunaimba ya dunia mbele yake."

Unaona mambo hayo? Mzee anawaficha wao, wao wanamficha mzee, na katikati yao wimbo uko hai, unaanika usipa kila msimu. Tadea aliacha redio mchangani, akapanda kijiji mbio, miguu mitupu. Mzee alipoteremka na kusimama pembeni ya chanja, wanawake wakanyamaza kwa mazoea. Ikabidi aombe mwenyewe.

"Akina mama, nawaomba. Imbeni ya dunia."

Waliimba. Mzee alifungua kifungo cha juu cha shati. Wimbo wa pili ulipofika alikuwa anapiga mguu, wa tatu alikuwa anacheza, na mke wake, aliyemfuata na kijiko cha ugali mkononi, alisema kwa sauti ili wote wasikie, "Kumbe anaweza! Arusini kwa mtoto alinidanganya mgongo unauma."

Siku ya pili wakarekodi, kwenye banda la kwaya. Mzee alikwenda kwanza kumwomba ruhusa kasisi, akaungama na habari ya maandishi juu ya kanda. Kasisi akamjibu, "Mwalimu, na mimi nilikuwa nashangaa mtu anapendaje Kwaresima kiasi hicho." Tadea aliweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa, chini yake kitenge kilekile, ili vishindo vya miguu visiingie. Kisha akawapanga watu kwa hatua, maana ile redio ilikuwa na sikio moja tu: besi karibu, wanawake mbali. "Mama Restituta, rudi nyuma hatua tatu. Tatu nyingine. Mama, sauti yako nyingine ibakize ng'ambo, Malawi." Walirudia mara nyingi, betri zikachoka, wakaziweka juani zipate nguvu. Wimbo mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kioda, nyimbo za upande A zikarudi ndani ya kanda. Sasa haziimbwi na Placidi, zinaimbwa na wasichana wa nje ya uzio, wakiwa akina mama watu wazima.

Tadea aliporudi Mbinga aliichomoa ile karatasi kwenye kanda kabla hajafungua mlango wa kibanda. Halafu akaanza kutoa nakala, na juu ya kila moja aliandika kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa: *Mbasa Jazz, Mbaha*. Wa kwanza kuipenda hawakuwa wazee. Ni wale vijana wa stendi, waliogeuza kofia nyuma mbele na kughani kwa Kiswahili juu ya muziki wowote wenye nafasi ndani yake. Besi la Mzee Challe lilikuwa na nafasi nyingi. Walisimama mbele ya kibanda na kughani bei ya kahawa, mvua, na wasichana wa Mpepai, hadi wasafiri wanakosa gari.

Krismasi ya mwaka ule Mzee Challe alipanda Mbinga kumwona binti yake. Dorothy alimpitisha stendi makusudi. Mzee akasikia besi lake likitoka vibanda vitatu, kila kimoja mahali tofauti pa wimbo. Aliomba kiti. Alikaa muda mrefu, mikono juu ya magoti, akiitikia shikamoo za watu wasiomjua.

"Mwanangu," alimwambia Tadea mwishoni, "ungekuwa fundi mzuri, ningekufa na kanda yangu kwenye kopo la vifungo. Namshukuru Mungu kwa kidole chako kibaya."

"Baba, sisi tukifukia majani, mwakani tunavuna."

"Ndiyo. Nimeona." Akacheka. "Ila usirudie."

Hakurudia. Nimekaa sana kwenye kibanda kile, na sijamwona akichomeka karatasi tena. Kanda yenye vijino vilivyovunjwa anaisikiliza yote, pande zote mbili, hata ikiwa kweli ni mahubiri. Anasema amejifunza Injili nyingi kwa njia hiyo. Na kila anapotaja Mbaha, hutaja majina ya wale wanawake mmoja mmoja, kama mtu anayesali litania, kisha husema asante.

Limebaki jambo moja, nalo anasema halimpi usingizi. Wimbo wa tano wa upande A ulikuwa wa kufungia dansi. Ni mama anayemwimbia mwanawe aliyekwenda kwenye shaba. Ubeti wa kwanza anasema meli imekuja bila wewe, mwanangu utarudi lini? Ubeti wa pili anasema mhogo umekomaa, mbwa wako amezeeka, mwanangu utarudi lini? Ubeti wa tatu mwana anajibu. Lakini wasichana wa nje ya uzio hawakuwahi kuusikia, kwa sababu kila mara ubeti wa pili ulipoisha baba zao walitoka kuja kuwafukuza warudi nyumbani, wakakimbia. Mzee Challe anakumbuka besi tu. Kwa hiyo katika kanda, ubeti wa tatu ukifika, wanawake wanavumisha kwa midomo iliyofungwa, na besi linakanyaga peke yake mpaka mwisho.

Nakala za kanda zimetembea mbali, na wewe unayesoma huenda ulicheza dansi miaka ile, Mbaha, Kingerikiti au Mbinga, ukiwa ndani ya uzio. Kama hukuwa wewe, labda alikuwa mama yako, au mjomba. Tadea ameacha nafasi kwenye kanda. Yule mwana alimjibu nini mama yake?